Lumeni 50,000 za bibi: uhakiki wa tochi tunazobeba Desemba

Desemba ikifika, nenda stendi ya Magufuli pale Mbezi uangalie mizigo ya wanafunzi wanaorudi kwao. Doti ya kanga ya mama, kilo mbili tatu za sukari, viatu vya mdogo wake, na kwenye mfuko wa pembeni wa begi, tochi. Tochi ndiyo zawadi yetu sisi wenye hela za mawazo. Haina saizi kama viatu, haivunjiki njiani kama glasi, haiozi, na kwa elfu kumi bado unapata yenye boksi la kung'aa. Mimi nimebeba tochi za zawadi tangu nikiwa mwaka wa kwanza. Bumu likiingia tu, napita Kariakoo. Nikihesabu sasa zimefika tisa. Zinazotumika mpaka leo ni mbili.

Kwa hiyo huu ni uhakiki wa tochi ndogo za bei poa, zile za mfukoni za kati ya elfu tano na elfu ishirini, zikiwa zawadi. Nasisitiza hilo la zawadi. Tochi uliyojinunulia mwenyewe ikiwa mbovu, unaitupa na kulaumu muuzaji. Uliyompa mtu ikiwa mbovu, yeye ndiye anayebeba kosa lako, tena kwa adabu, huku anakushukuru.

Bibi yangu anaishi Muheza, ndani ndani huko kwenye machungwa. Miaka miwili iliyopita nilimpelekea tochi niliyojivunia kuliko zote: nyeusi, mwili wa alumini, lenzi ya kuvuta, ya kuchaji, boksi limeandikwa lumeni 50,000. Usiku uleule nikamwonyesha. Nikamulika mnazi wa jirani, ukaonekana mpaka madafu. Bibi akapiga vigelegele, akaniombea dua ndefu. Mwaka jana nimerudi, naikuta iko juu ya kabati la vyombo, ndani ya boksi lake, imewekwa pembeni ya picha ya harusi ya mama. Usiku nikasikia mlango wa nyuma. Choo chetu kiko nje, kama hatua thelathini kutoka nyumbani. Nikachungulia dirishani. Bibi ameshika kibatari.

Asubuhi nikampa shikamoo yake, akaitika, "Marahaba mume wangu, umelalaje?" Nikamuuliza habari za tochi. Kwanza akanikwepa, akasema anaitunza isiharibike. Nikambana kidogo, ndipo akanijibu: "Mume wangu, tochi yako ina mwanga mpaka sioni."

Nilicheka, lakini sentensi ile haikunitoka. Mimi nasomea fizikia, bibi aliishia darasa la nne, na alichosema ni sahihi neno kwa neno. Hiyo hapo ndiyo nataka tuichambue.

Boksi linavyodanganya

Tuanze na lumeni zenyewe. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa, ukijumlisha pande zote, ukipimwa jinsi jicho la mtu linavyouhisi. Mshumaa mmoja unatoa kama lumeni 12. Balbu ya kawaida ya taa ya mbele ya gari, ya halojeni, ikiwa imeinamishwa, inatoa kama lumeni 1,000. Sasa boksi la tochi ya bibi linasema 50,000, yaani taa za mbele za magari 25, kila gari na taa zake mbili, zote zimekunjwa ndani ya kitu chenye urefu wa kiganja.

Huhitaji maabara kujua kwamba huo ni uongo. Unahitaji kalamu. LED nyeupe nzuri za siku hizi zinatoa lumeni mia na kitu kwa kila wati ya umeme. Tuwe wakarimu wa wastani, tuseme 100. Lumeni 50,000 basi zinataka wati 500, nusu ya pasi ya umeme, na LED haigeuzi umeme wote kuwa mwanga: sehemu kubwa inabaki kuwa joto. Ungeshika tochi ile kwa dakika mbili tu ungeitupa. Halafu boksi hilohilo linaahidi saa 10 za kuwaka. Wati 500 kwa saa 10 ni wati-saa 5,000, ambazo wewe unazijua kwa jina jingine: ni yuniti 5 za LUKU. Yuniti tano, ndani ya betri inayoingia mfukoni!

Mwaka jana nilipoondoka Muheza niliondoka na betri ya tochi ile. Ni ya lithiamu, ya umbo linaloitwa 18650, maana yake kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Ganda lake limeandikwa 9900 mAh. Betri za umbo hilo kutoka viwanda vinavyoheshimika kabisa zinacheza kwenye 3500 mAh au zaidi kidogo, kwa hiyo ukiona 9900, au 6800, au hata 5800, umeshamjua mwongo kabla hujaichaji. Niliiweka kwenye mizani ya maabara. Betri halisi ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hivi. Hii ilikuwa gramu 31. Nikaichaji, nikaitoa umeme taratibu huku napima, nikapata kama 900 mAh. Zidisha kwa volti 3.7, unapata wati-saa 3.3. Kutoka yuniti tano tulizoahidiwa mpaka hapo, mtu katudanganya mara elfu moja na mia tano.

Lakini angalia kitu kimoja ambacho kilinishangaza. Wati-saa 3.3 kwa lumeni 100 kila wati, ukiamua zidumu saa 10, zinakupa lumeni 33. Mishumaa karibu mitatu, usiku kucha, kwa chaji moja. Huo ni mwanga wa kutosha kabisa kwenda chooni na kurudi. Maana yake hata kwa betri ile ya uongo, mtengenezaji angeweza kutengeneza tochi ya kweli yenye manufaa na akaandika ukweli kwenye boksi. Hakutaka, kwa sababu mimi nisingenunua. Pale Kariakoo nilikuwa na tochi mbili mkononi, moja imeandikwa lumeni 200 na nyingine 50,000, bei karibu sawa. Mnajua niliyochagua. Mwanafunzi wa fizikia!

Mwanga mpaka huoni

Sasa turudi kwa bibi. Ana miaka sabini na kitu. Jicho la mtu mzee linapitisha mwanga kidogo kuliko la kijana: mboni haifunguki sana tena gizani, na lenzi ya ndani inakuwa ya manjano na nzito. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba retina ya mtu wa miaka 60 inapata kama theluthi moja tu ya mwanga unaoifikia retina ya mtu wa miaka 20. Ukiishia hapo utasema, basi bibi anahitaji tochi kali zaidi kuliko mimi. Ndivyo na mimi nilivyofikiri. Kosa langu liko hapo.

Bibi pia ana mtoto wa jicho, ambaye bado hajaiva kufanyiwa upasuaji. Mtoto wa jicho ni ukungu ndani ya lenzi, na ukungu haupunguzi mwanga tu, unautawanya. Umewahi kuendesha au kupanda gari usiku ambalo kioo cha mbele kina vumbi, halafu gari linakuja mbele na taa kubwa? Kioo chote kinageuka cheupe. Barabara haijapotea, taa hazijapungua, ila wewe huoni kitu. Ndani ya jicho la bibi kinatokea kitu hichohicho. Choo chetu kimepakwa chokaa. Anafika mlangoni na mwale mkali uliokusanywa mahali pamoja, unagonga ukuta mweupe mita moja mbele yake, unarudi machoni, unatawanyika kwenye ukungu. Mwanga mpaka haoni.

Halafu anazima. Jicho likishapigwa na mwanga mkali linachukua dakika 20 hadi 30 kurudisha uwezo wake wote wa kuona gizani, na kwa wazee ni polepole zaidi. Kwa hiyo hatua thelathini za kurudi, kama tochi imezima au ameizima, anatembea kipofu zaidi kuliko alivyotoka.

Tatizo kwa hiyo ni namna mwanga ulivyokusanywa. Fikiria mpira wa kumwagilia maji. Lumeni ni maji yanayotoka kwa dakika. Ukiziba mdomo wa mpira kwa kidole, maji hayaongezeki, ila yanaruka mbali. Huko kukusanya kuna kipimo chake, kandela, na ndiyo inayokufanya umulike mnazi wa jirani mbele ya bibi na kupigiwa vigelegele. Tochi za lenzi ya kuvuta zimetengenezwa kwa ajili ya dakika hiyo moja ya vigelegele. Ukivuta lenzi mbele, mwale unakuwa mwembamba mpaka unaona ukutani umbo la mraba, ambalo ni picha ya kipande chenyewe cha LED. Inapendeza. Ila ukivuta hivyo, mwanga mwingi unaishia kwenye kuta za ndani za tochi badala ya kutoka nje, na pembeni ya ule mraba hakuna kitu, giza tupu.

Na pembeni ndiko kwenye shida. Kwetu kuna vifutu. Kifutu hakimbii ukija, analala palepale kwenye majani makavu akitegemea rangi yake, na mtu anamkanyaga. Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na ushauri wa kwanza unaotolewa kila mahali ni mwepisi tu: vaa viatu, beba taa usiku. Lakini taa ya namna gani? Inayoonyesha ardhi yote mita mbili mbele ya miguu yako, kulia na kushoto. Tufanye hesabu tena. Chukua lumeni 30, zitandaze kwenye duara la upana wa mita mbili mbele yako. Eneo lake ni mita za mraba 3 na kidogo, kwa hiyo ardhi inapata laksi karibu 10. Kibatari ukikishika mita moja juu ya ardhi, hata tukisema kina nguvu ya mshumaa mzima, kinaipa ardhi laksi moja, na moto wake uko wazi mbele ya macho yako. Mbalamwezi ya mwezi mpevu ni robo ya laksi. Lumeni 30 zilizotandazwa vizuri ni mara kumi ya kibatari na mara arobaini ya mbalamwezi. Bibi hakuhitaji zaidi ya hapo. Alihitaji zitandazwe.

Kuna na rangi. LED nyeupe kiukweli ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa manjano unaoitwa fosfori; sehemu ya bluu inapita, sehemu inageuzwa kuwa manjano na wenzake, jicho linachanganya, linaona nyeupe. Hiyo LED ya bluu ndiyo iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, na bila hiyo tusingekuwa na mada hii. Ukiweka unga kidogo, au wa hali ya chini, taa inaonekana kali zaidi dukani lakini ina bluu nyingi na nyekundu haba. Majani makavu, udongo na kifutu vyote vinakuwa kijivu kimoja. Kipimo cha bure: mulika kiganja chako. Kikionekana kama cha maiti, rudisha. Mimi siku hizi naenda na chungwa.

Umeme wa nani?

Haya, tuseme mwale ni mzuri. Swali linalofuata ndilo ningeliweka la kwanza kama ningekuwa naanza upya: anayepewa atapata wapi umeme? Nguzo zimefika kijijini kwetu, ila nyumba ya bibi bado haijaunganishwa. Tochi yangu ya kuchaji ilimlazimu apeleke kwa jirani. Mara ya kwanza sawa, mara ya pili sawa. "Kila siku nipeleke tochi kwa watu kama naomba chumvi?" aliniuliza. Niliona nampa mwanga, kumbe nimempa deni.

Betri ya lithiamu ina tabia nyingine: inashikilia volti yake karibu mpaka mwisho, halafu inakata ghafla. Kwa simu ni sawa, una kiasi kinachoonyeshwa kwenye kioo. Kwa tochi isiyo na kiashiria, ni kuachwa katikati ya njia. Betri ndogo za kawaida, zile za rimoti, zina kasoro ya kufifia polepole. Nimekuja kuona kwamba hiyo kasoro ni ya heshima. Mwanga ukianza kuwa wa njano, bibi anajua kesho amtume mtoto dukani. Na duka la kijijini, hata liwe dogo vipi, lina betri hizo karibu na viberiti. Betri mbili za alkalini kwa tochi ya lumeni 30 zinaweza kuvuka saa 10 za kuwaka. Kwa mtu anayetoka mara mbili usiku, dakika kumi kumi, ni zaidi ya mwezi. Zile rahisi za zinki na kaboni zinakaa muda mfupi zaidi, na zikiisha ukaziacha ndani zinavuja, zinakula springi na shaba mpaka tochi inakufa. Kwa hiyo ukimpa mtu tochi ya betri hizi mwambie hilo moja tu: zikifa, zitoe siku hiyohiyo.

Kuna kundi la tatu ambalo nasema wazi, msimpe mtu mnayempenda. Ni zile tochi nyepesi za plastiki zenye miguu miwili inayochomoza, unazichomeka ukutani moja kwa moja. Nyingi ndani zina betri ndogo ya risasi na asidi, ndugu mdogo wa betri ya gari. Betri ya aina hii ikikaa bila chaji, salfeti ya risasi inagandamana kwenye bamba zake na haitoki tena. Na tochi ya akiba ni kitu gani kama si kitu kinachokaa kwenye droo bila chaji? Nimenunua mbili za hivyo. Zote hazikufika Pasaka.

Swichi, jamani

Hili nitalipitia haraka kwa sababu linanikera. Tochi ya bibi ina kitufe kimoja. Bonyeza: mwanga mkali. Bonyeza tena: hafifu. Tena: inawakawaka kama disko. Tena: inatuma ishara ya SOS kwa Morse. Tena: inazima. Huwezi kuizima bila kupitia disko. Bibi mtu mzima anatoka chooni saa nane za usiku anawakawaka mpaka mbwa wa mtaa mzima wanaamka, na nani Muheza atasoma Morse inayotoka chooni kwetu? Swichi ya kusukuma kwa kidole gumba, mbele kuwasha, nyuma kuzima, iligunduliwa zamani sana na haijapata mpinzani. Gizani, ukiigusa tu unajua iko wapi.

Najua mtu ataandika hapo chini: si atumie simu? Bibi ana kitochi, na ukifikiria, lugha yetu imeamua kuiita simu nzima kwa jina la tochi yake. Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ndiyo iliyotuzoesha, na kwa maoni yangu ile ilikuwa tochi nzuri kuliko nyingi za Kariakoo: mwanga mdogo uliotandaa, kitufe kimoja, chaji ya siku kadhaa. Nilimuuliza bibi kwa nini hatumii simu kwenda chooni. Akanitazama. "Itumbukie?"

Wanaotushauri

Ukitafuta ushauri wa kununua tochi, utakutana na wahakiki wa Ulaya na Marekani, watu makini kweli, wanaopima kila kitu. Wengi wanafuata kiwango kinachoitwa FL1, kilichotolewa Marekani mwaka 2009, na kukisoma kumenisaidia. Kinasema umbali wa mwale ni mahali ambapo mwanga umebaki robo laksi, yaani mbalamwezi. Kinasema muda wa kuwaka unahesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Sasa hapo kuna mlango wa nyuma. Tochi inaweza kuanza na lumeni 1,000, ikashuka ndani ya dakika chache hadi 150 kwa sababu ya joto, ikabaki hapo masaa, na boksi likaandika kwa halali kabisa "1,000" na "saa 6" pamoja, kana kwamba ni mambo yanayotokea kwa wakati mmoja. Hakuna aliyedanganya. Ila wewe umedanganyika.

Lawama yangu kwa wahakiki hawa si vipimo. Wanahakiki tochi kwa macho ya mtu anayependa tochi, mwenye chaja nne nyumbani, anayetaka kujua ipi inafika mbali. Bei yao ya "nafuu" hapa ni zawadi ya harusi. Na anayepewa hayumo kwenye uhakiki wao.

Waliowahi kuanza na mtumiaji ni wengine. Mnamo 2009 na 2010, mradi wa Lumina wa maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, ulitoa ripoti za tochi za LED zilizokuwa sokoni Kenya: wakazipima maabara, wakaongea na wanaozitumia, walinzi na wengine wa kazi za usiku. Ubora ulikuwa wa kusikitisha, na hofu yao kubwa ilikuwa kwamba tochi mbovu zinaharibu jina la teknolojia yenyewe, mtu aliyeumwa na LED moja hatonunua nyingine hata ikiwa nzuri. Mpango wa Lighting Africa, ulioanzishwa na Benki ya Dunia na IFC mwaka 2007, ulileta viwango vya ubora kwa taa ndogo za sola, na kwa kweli taa hizo zimekuwa bora. Tochi ya mfukoni ya elfu kumi ndiyo iliyobaki kujiamulia yenyewe.

Hofu ile ya kuharibu jina niliikuta sebuleni kwa bibi. Hakusema tochi yangu ni mbovu. Alisema, "Tochi za siku hizi si za watu kama sisi," akarudi kwenye kibatari, na moshi wake, na mafuta ya taa.

Nilichonunua safari hii

Kwa bibi: tochi ya plastiki nene, rangi ya chungwa ili aione gizani, betri mbili za rimoti, swichi ya kusukuma, kioo chenye ukungu kidogo kinachotandaza mwanga. Lumeni hazijaandikwa. Elfu saba. Muuzaji alinionea huruma, akanionyesha nyingine ya lumeni 90,000. Nilimwomba aizime maduka mawili ndani, chini ya meza, nikamulika chungwa na kiganja kwa zote mbili. Ile ya 90,000 ilinipa kiganja cha maiti. Yeye mwenyewe aliona, tukacheka.

Kwa mjomba, ambaye analinda shamba la machungwa usiku na nyumba yake ina umeme: ile ya zamani ya bibi, lenzi ya kuvuta na yote. Yeye anamulika mwisho wa shamba, anataka mwale mwembamba unaofika mbali, na disko lile linamfurahisha. Kwa kazi yake haina baya, nikiwa nimeshabadilisha betri. Niliweka moja halisi ya 2600 mAh, iliyogharimu karibu sawa na tochi nzima. Nilimwonya asiibebe ya akiba mfukoni pamoja na funguo au sarafu, maana chuma kikiunganisha ncha zake mbili inawaka moto, na ikivimba asiichaji tena.

Kwa binamu yangu wa kidato cha pili sikununua tochi. Anasoma usiku, na kusoma kwa tochi ni kutafuta kuumwa kichwa. Nilimpa taa ndogo ya sola ya mezani. Ilikuwa ghali kuliko zote na nikala maharage wiki mbili.

Simu ya bibi ilikuja Jumapili iliyopita. Tochi anaitumia, ila anasema mwanga ungekuwa wa njano kidogo ungekuwa kama wa zamani, na ameshaifunga kamba ya kuning'iniza shingoni, kitu ambacho hakuna boksi lililonifikirisha. Akauliza pia ile betri yangu ya zamani niliipeleka wapi, kwa sababu yeye angeitupa chooni kama wanavyofanya wote. Ipo kwenye droo ya maabara, nimeziba ncha zake kwa utepe. Nimeuliza idara tatu za chuo mahali pa kupeleka betri za lithiamu zilizokufa. Mbili hazijanijibu, ya tatu imeniomba nikipajua niwaambie, na wao wana droo yao.